Siku ya mwisho London: kinachoimaliza ni mizigo, si saa. Anayebisha alete hesabu

#1 Sanduku Moja
Wakuu salaam. Nina hoja, naomba ipingwe kwa hesabu.

Mgeni kamaliza wiki yake London, anaondokea uwanja wa ndege wa Heathrow, tiketi imeandikwa 20:00, yaani saa mbili usiku. Hoteli nyingi zinataka ufunguo saa tano asubuhi, nyingine saa sita mchana. Rudi nyuma kutoka saa mbili usiku: toa saa tatu za uwanjani, unatakiwa uwe Heathrow saa kumi na moja jioni. Toa saa moja na nusu ya njia pamoja na kuufuata mzigo ulipo, unaanza safari saa tisa na nusu alasiri. Kutoka saa tano hadi hapo ni saa nne na nusu. Huo ni muda wa kuona jambo moja kubwa mpaka likuingie.

Lakini waangalie wageni siku hiyo. Wamejaa kwenye viti vya mapokezi ya hoteli wanachaji simu, au wako Oxford Street wanaburuta sanduku ambalo gurudumu moja limeshaanza kulia.

Nasema chanzo ni mahali mzigo ulipolazwa. Ukiuacha hotelini umejifunga kamba: huendi mbali kwa sababu lazima urudi, na kurudi kwenyewe mara nyingi ni safari nzima ya kuelekea upande usio wa uwanja. Dawa ni kuupeleka asubuhi kwenye stesheni utakayoondokea. Paddington, King's Cross, Victoria na Liverpool Street zote zina kaunta ya kuhifadhi mizigo. Wanaupitisha kwenye eksirei, wanakupa risiti, unaondoka mikono mitupu.

#2 Mama Ratiba
Nabisha, mkuu. Kaunta za stesheni hutoza kwa kila kipande, si kwa kila mtu. Familia ya watu wanne yenye masanduku sita inalipa mara sita. Hotelini unahifadhiwa bure karibu kila mahali, hata baada ya kukabidhi chumba. Unapewa kibandiko chenye namba, ukitunze. Hesabu yako inamfaa mtu mwenye sanduku moja, kama jina lako lilivyo. Mwenye watoto na aache mzigo hotelini, achague cha kuona ndani ya dakika ishirini za kutembea kwa miguu.

#3 Chuma cha Reli
Mnaanzia katikati ya hadithi. Swali la kwanza ni laini ipi itakupeleka uwanjani, mengine yatajipanga yenyewe.

Treni za kwenda Heathrow ni tatu. Heathrow Express inatoka Paddington, dakika kama 15 hadi Teminali 2 na 3, ghali kuliko zote ukinunua siku hiyo hiyo. Laini ya Elizabeth, iliyofunguliwa Mei 2022, inapita katikati ya mji: Liverpool Street, Farringdon, Tottenham Court Road, Bond Street, Paddington, kisha Heathrow, kutoka Paddington ni kama nusu saa. Laini ya Piccadilly, ya treni za chini ya ardhi, ni ya zamani na polepole, karibu saa nzima kutoka katikati ya mji, lakini nauli yake haifiki nusu ya Elizabeth.

Chagua laini, halafu chagua cha kuona kilicho juu ya laini hiyo. Makumbusho ya British Museum yako mwendo wa dakika kama nane kutoka Tottenham Court Road. South Kensington iko kwenye Piccadilly, na kuna njia ya chini kwa chini kutoka stesheni hadi makumbusho matatu: V&A, Natural History na Science Museum. Hutembei kwenye mvua, hubadilishi treni.

#4 Dada Ramani
Nakubaliana na #3 kuliko #1. Siku ya mwisho inaharibiwa na upande. Heathrow iko magharibi. Mtu anaamka anaenda Greenwich, kusini mashariki, anauvuka mji mzima kurudi hotelini, anauvuka tena kwenda uwanjani. Hata mzigo ungekuwa mfukoni, siku imekwisha. Jioni ya mwisho isikukute mashariki ya mji.

#5 Nahodha77
Dada Ramani, Greenwich usiisingizie. Tangu Elizabeth ianze, mashariki si mbali tena. Kutoka stesheni ya Cutty Sark, hapo hapo Greenwich, panda DLR (treni nyepesi za mashariki ya mji) hadi Canary Wharf, tembea hadi stesheni ya Elizabeth ya Canary Wharf, kuna treni za moja kwa moja hadi Heathrow. Hubadilishi tena. Mwenye mzigo mwepesi anaweza kusimama kwenye mstari wa Meridiani (longitudo sifuri) asubuhi na bado akawahi. Na ile njia ya watembea kwa miguu chini ya mto Thames, iliyofunguliwa mwaka 1902, ni bure na inachukua dakika chache tu.

#6 Dada Ramani
Nahodha na Greenwich yako, kila uzi lazima uipitishe. Umeandika mwenyewe "mzigo mwepesi". Mwenye sanduku la kilo 23 atalipandisha kilima cha Royal Observatory, ulipo huo mstari? Na akiliacha hotelini Bayswater, hiyo treni ya moja kwa moja haimsaidii kitu, maana lazima ashuke njiani alifuate.

#7 Sanduku Moja
#6 umerudi kwenye hoja yangu kwa mguu wako mwenyewe. Mzigo.

#8 Kobe Mwendo
Naongeza kuhusu British Museum kabla mtu hajaumbuka mlangoni. Masanduku ya magurudumu hayaingii kabisa. Mzigo wowote unaozidi sentimita 40 kwa 40 kwa 50, au kilo 8, haupokelewi, hata kwenye chumba cha kuhifadhia makoti. Watu wanafika hapo saa nne asubuhi na masanduku yao wakidhani watayaacha ndani, wanarudishwa. Usilipeleke sanduku kwenye makumbusho yoyote makubwa ukitegemea chumba cha makoti; kile ni cha makoti na mabegi ya mgongoni.

Horizon 22, lile ghorofa la kutazamia mji kwenye jengo la 22 Bishopsgate, lina ukaguzi kama wa uwanja wa ndege. Sanduku haliingii. Kiingilio ni bure, ila weka nafasi mapema. Liko karibu na Liverpool Street, kwa hiyo linaangukia kwenye laini ya Elizabeth.

#9 Mvua na Mwavuli
Jamani msisahau kurudishiwa kodi ya VAT. Ni asilimia 20. Ukinunua nguo na viatu, fika Heathrow saa nne kabla, upange foleni ya kugonga muhuri fomu zako. Hiyo ndiyo inayokula siku ya mwisho ya watu wengi.

#10 Mama Ratiba
#9 futa hiyo. Mpango wa wageni kurudishiwa VAT kwa bidhaa wanazobeba wenyewe ulikoma England, Scotland na Wales tarehe 31 Desemba 2020. Tangu Januari 2021 hakuna fomu wala muhuri. Umebaki Ireland ya Kaskazini tu. Kilichobaki London ni duka kukutumia bidhaa moja kwa moja nje ya nchi bila VAT, na hapo gharama ya kusafirisha mara nyingi inameza faida yote. Wanaokwenda uwanjani saa nne kabla kwa ajili ya VAT wanapoteza saa nzima bure.

#11 Mvua na Mwavuli
Shukrani, nilikuwa nyuma ya wakati. Basi hata foleni ya uhamiaji ya kutoka nayo tuijadili, maana watu wanaiogopa.

#12 Kipimo
Haipo, ndugu. Uingereza haina dirisha la uhamiaji la kutokea. Hugongewi muhuri wa kuondoka. Shirika la ndege ndilo linalokagua pasipoti kwenye kaunta na getini, na taarifa zako zinapelekwa serikalini kielektroniki. Kwa hiyo ukihesabu saa tatu za Heathrow, usiweke nusu saa ya uhamiaji humo. Weka hivi: foleni ya kukabidhi mzigo, foleni ya ukaguzi, na mwendo hadi getini. Huo mwendo wa mwisho ndio watu hawaupi uzito. Teminali 5 ina majengo ya ziada B na C yanayofikiwa kwa treni ndogo ya ndani. Teminali 2 ina jengo la B ambalo unatembea chini kwa chini zaidi ya dakika kumi. Geti likitangazwa kuwa huko, anza kutembea papo hapo. Kahawa utakunywa kwenye ndege.

Kaunta ya mizigo kwa kawaida hufungwa saa moja kabla ya ndege kuruka. Ukifika dakika 55 kabla, mzigo haupokelewi hata kama ndege unaiona kwa dirishani.

#13 Chuma cha Reli
Kipimo kasema vema. Naingia kwenye kosa la teminali, maana linawakuta watu kila siku.

Piccadilly: baada ya Hatton Cross treni zinagawanyika. Nyingine zinazunguka kupitia Teminali 4, zinasubiri hapo dakika kadhaa, ndipo zinafika Teminali 2 na 3. Nyingine zinakwenda Teminali 2 na 3, kisha 5, na hizo hazigusi 4. Soma mbele ya treni na kwenye skrini ya jukwaa. Unaenda 2 au 3? Panda iliyoandikwa Terminal 5, usipoteze muda kwenye mzunguko.

Elizabeth: treni nyingi za Heathrow huishia Teminali 4, na za Teminali 5 ni mbili tu kwa saa. Ukikosa moja, usikae Paddington nusu saa. Panda yoyote ya Heathrow, shuka Teminali 2 na 3, ubadilishe hapo hadi 5. Kusafiri kwa treni kati ya teminali ni bure.

Teminali 1 ilifungwa mwaka 2015. Ukiiona kwenye ramani ya zamani, achana nayo.

#14 Bibi Lifti
Naomba tuzungumzie ngazi. Mnapanga laini kama vile masanduku yana mbawa.

Stesheni zote za Elizabeth unafika jukwaani kutoka barabarani bila ngazi. Piccadilly haiko hivyo. Green Park, King's Cross na Earl's Court zina lifti. Covent Garden ina lifti, lakini zikijaa au zikiharibika kuna ngazi za mzunguko 193. Humo sanduku halipiti bila kugonga ukuta kila hatua. Russell Square nayo, ambako hoteli ni nyingi, ina lifti zinazokushusha, halafu bado zimebaki ngazi za kawaida kabla ya jukwaa. Mtu mmoja na masanduku mawili anashuka mara mbili, na sanduku la pili linabaki peke yake juu, jambo ambalo tangazo la stesheni linakukataza.

Hoteli ikiwa Russell Square, tembea hadi King's Cross uipande Piccadilly hapo. Ni mwendo wa robo saa, tambarare. Unapoteza dakika kumi, unaokoa mgongo.

#15 Sanduku Moja
Bibi Lifti, nondo hii. Kwa hiyo tunarudi: Elizabeth ni ghali lakini ina lifti, Piccadilly ni rahisi lakini ina ngazi. Mzigo ndio unaoamua laini, si laini inayoamua mzigo.

#16 Chuma cha Reli
Mleta uzi unavuta kamba upande wako kwa kila bandiko. Mwenye begi la mgongoni tu naye siku yake ya mwisho inapotea, na hana sanduku. Eleza hiyo.

#17 Kobe Mwendo
Nitaieleza mimi. Chanzo ni orodha. Siku ya mwisho watu wanataka kulipa madeni yote ya wiki nzima: hawakuona ngome ya Tower of London, hawakuona walinzi wa kasri la Buckingham, hawakupanda juu ya jengo refu. Wanayabana matatu ndani ya saa nne, na kila moja lina saa yake lisiloweza kuihama.

Mfano, kubadilishana walinzi. Huanza karibu saa tano kamili asubuhi, kwa kawaida Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumapili, na mvua kubwa inaweza kuufuta. Ili kuona kitu zaidi ya migongo ya watu inabidi ufike karibu saa moja kabla. Yaani umeamka mapema, umefunga mizigo kwa haraka, umesimama saa moja, tayari ni saa sita mchana na hujaingia popote. Kama ndege ni jioni, usiuweke siku hiyo.

Chagua mahali ambapo hakuna saa ya kuingia. British Museum ni bure. Nenda chumba namba 4 kwa Jiwe la Rosetta, lililopatikana Misri mwaka 1799. Shuka chumba namba 25 chini, kwenye kumbi za Afrika, uone zile bamba za shaba za ufalme wa Benin (Nigeria ya leo). Vyumba viwili, saa moja na nusu bila kukimbia. Hujalipa, kwa hiyo hutakaa kwa ajili ya kufidia pesa.

#18 Mama Ratiba
Angalieni pia siku ya wiki. Jumapili makanisa ya St Paul's na Westminster Abbey hayapokei watalii. Ni siku ya ibada, na ukienda kwa ibada huingii kwa tiketi wala huzunguki na kamera. Ijumaa ni kinyume chake: British Museum hufungwa saa mbili na nusu usiku badala ya saa kumi na moja jioni, National Gallery saa tatu usiku, V&A saa nne usiku. Ijumaa yenye ndege ya usiku sana ni zawadi. Mwenye ndege ya saa mbili usiku haimsaidii kitu.

#19 Dada Ramani
Natia neno kwenye South Kensington. Natural History ina foleni lango kubwa la Cromwell Road. Zunguka lango la Exhibition Road, mara nyingi ni fupi. Ndani, kwenye ukumbi wa Hintze, kuna mifupa ya nyangumi wa bluu yenye urefu wa mita 25.2 inayoning'inia darini tangu 2017. Ukiipanda ile ngazi kuu hadi ghorofa ya kwanza unaitazama kwa karibu zaidi, na unaona jinsi taya la chini lilivyo kama mapondo mawili ya mtumbwi. Dakika kumi za kusimama hapo zinatosha kuifanya siku ya mwisho iwe siku.

V&A wana nguzo ya Trajani, mfalme wa Roma ya kale, nakala ya plasta, ndefu mno hata dari ikashindwa, wakaisimamisha vipande viwili kimoja kando ya kingine.

#20 Nahodha77
Umeona? Hata dada anapenda kukaa na kitu kimoja. Mimi ningekaa na mto.

#21 Kipimo
Mmeruka usiku wa kuamkia siku ya mwisho, na hapo ndipo siku inaposhinda au inaposhindwa. Kinachopoteza asubuhi ni kufungua na kufunga sanduku mara tatu.

Pima usiku. Mizani ndogo ya kuning'iniza ni nyepesi na inatosha. Kama ipo mizani ya kusimama, panda wewe umebeba sanduku, toa uzito wako. Acha nafasi ya kilo moja, kwa sababu mizani ndogo na ya kaunta hazilingani. Tiketi ikiruhusu kilo 23, lenga 22. Hata ukilipia uzito wa ziada, kipande kimoja hakitakiwi kuzidi kilo 32. Hapo unalazimika kugawa, na kugawa sakafuni mbele ya kaunta ni aibu na ni dakika ishirini.

Pawa benki na betri zisizo ndani ya kifaa: kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye sanduku linalokwenda chini. Hesabu yake: mAh gawa kwa 1000, zidisha kwa 3.7, unapata Wh (wati-saa). Ya 20,000 mAh ni 74 Wh, inapita. Mpaka ni 100 Wh bila kuomba ruhusa. Ya 30,000 ni 111 Wh, omba ruhusa ya shirika la ndege kabla. Ikiwa maandishi yamefutika, mkaguzi anaweza kuikataa hata kama ni ndogo.

Ile mipira ya kioo yenye theluji na Big Ben ndani, watu wanainunua dakika ya mwisho. Ndani ni maji. Asali, jamu na jibini laini nazo zinahesabiwa kama vimiminika. Weka vyote kwenye sanduku kubwa, funga kwa soksi.

#22 Mvua na Mwavuli
Mkuu Kipimo, vipi ule ukomo wa mililita 100 kwa vimiminika vya begi la mkononi? Nasikia mashine mpya zimeubadilisha.

#23 Kipimo
Inategemea mashine za uwanja husika, kwa hiyo soma ukurasa wa uwanja wako wiki ya safari. Lakini mtego ni kwenye kuunganisha. Ukipitia Addis Ababa, Doha, Istanbul au Dubai unaweza kukaguliwa tena kwa sheria za pale. Chupa iliyopita London inaweza kuishia kwenye pipa la uwanja wa pili. Ukinunua manukato au pombe baada ya ukaguzi, iache ndani ya mfuko uliofungwa na risiti ionekane. Usiufungue mpaka ufike.

Na mifuko ya plastiki ya madukani usifike nayo nyumbani. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Hamishia vitu kwenye begi la kitambaa kabla hujatua.

#24 Bibi Lifti
Kadi ya kulipia nauli ya treni nayo. Unagusa kuingia na unagusa kutoka, hata Heathrow. Usipogusa kutoka, mfumo unakutoza nauli ya juu kabisa kwa sababu haujui ulishukia wapi. Ukiingia kwa kadi ya benki na kutoka kwa simu iliyounganishwa na kadi hiyo hiyo, mfumo unaona watu wawili tofauti, unatozwa mara mbili, kila upande safari ambayo haijakamilika. Anza na kimoja, maliza nacho. Kila mtu mzima awe na kadi yake. Watoto chini ya miaka 11 hupita bure na mtu mzima, hadi wanne kwa mmoja.

Salio la Oyster, kadi ya nauli ya London, haliishi muda. Kama kuna mwenye kurudi London, mwachie kadi.

#25 Nahodha77
Na sarafu zenu zimalizeni. Maduka ya kubadilisha fedha huchukua noti, si sarafu. Basi za London hazipokei pesa taslimu tangu 2014, kwa hiyo huko hazitumiki. Zipeleke kwenye mashine ya kujilipia ya supamaketi inayopokea sarafu: mimina sarafu zote, kilichopungua lipia kwa kadi.

#26 Mama Ratiba
Kuna wanaosindikizwa na ndugu kwa gari. Heathrow hutoza ada kila gari linaloshusha abiria mlangoni mwa teminali. Hakuna kizuizi wala kibanda cha kulipia, kamera zinasoma namba ya gari. Mwenye gari alipe mwenyewe mtandaoni, mwisho ni usiku wa manane wa siku inayofuata. Akisahau, faini inamfuata kwa posta. Mgeni mwenye adabu anamkumbusha shemeji kabla hajapanda ndege. Njia ya bure ipo: ashushie kwenye maegesho ya muda mrefu, mpande basi la uwanja hadi teminali, ila ongeza nusu saa.

Na gari si salama kwa saa. Siku za kazi, barabara ya M4 jioni inaweza kuifanya safari ya dakika 45 iwe saa moja na nusu.

#27 Sanduku Moja
Kumbukeni pia treni jioni. Saa kumi hadi saa moja usiku siku za kazi ni msongamano, na Piccadilly behewa ni finyu. Sanduku lako linakuwa ukuta. Ndiyo maana niliweka kuondoka saa tisa na nusu. Unaupita msongamano kwa nusu saa.

#28 Chuma cha Reli
Hapo nakuunga mkono bila ubishi. Wikiendi msongamano unapungua, lakini kuna matengenezo ya reli. Laini nzima au kipande chake kinaweza kufungwa Jumamosi na Jumapili. Angalia hali ya laini usiku na tena asubuhi. Elizabeth ikifungwa, Piccadilly. Piccadilly ikifungwa, Elizabeth. Usiwe mtu wa njia moja.

#29 Mvua na Mwavuli
Na ndege ya alfajiri je? Mnaongelea jioni tu.

#30 Chuma cha Reli
Ndege ikiwa ya alfajiri, siku yako ya mwisho ni ile ya jana yake, kwa hiyo mambo yote yanahamia jana. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi Piccadilly hutembea usiku kucha, lakini haifiki Teminali 4. Siku nyingine kuna basi N9 kutoka Aldwych hadi Heathrow.

Tazama na tarehe. Tiketi ikisema 00:15 tarehe 14, uwanjani unatakiwa usiku wa tarehe 13. Sisi tunaosema saa sita na robo usiku tunauhesabu usiku kuwa wa tarehe 13, tiketi inahesabu tofauti. Kuna wanaofika siku nzima baadaye wakiwa wametulia kabisa.

#31 Dada Ramani
Uzi umeshiba, lakini bado sijamsikia mleta uzi akikubali suala la upande.

#32 Sanduku Moja
Nakubali upande una uzito kwa asiye na mzigo. Mwenye mzigo, upande wake ni pale ulipo mzigo.

#33 Kobe Mwendo
Nami nabaki na orodha. Mtu anayetaka kitu kimoja tu hata mzigo ukiwa Bayswater na makumbusho yakiwa South Kensington, atafika, ataona, atarudi, atapanda.

#34 Bibi Lifti
Lifti ikiwa inafanya kazi.

#35 Chuma cha Reli
Nyongeza kwa watakaoipanda Piccadilly kesho: laini inagawanyika Acton Town. Ukiinua macho ukaona treni yako inaelekea Uxbridge au Rayners Lane, shuka hapo Acton Town, usubiri ya Heathrow. Ukipitiliza, kila stesheni unayoipita unairudia, na sanduku mkononi.